Kipakatalishi Hakipakatwi

Wasomaji wetu wa siku nyingi watatuwia radhi wiki hii, kwani tumeacha mambo ya jikoni na malezi ya watoto wachanga tukaingia ndani ya tumbo la mashine. Tumeingia kwa sababu mashine hiyo sasa ni kama mmoja wa watu wa nyumba. Yamkini hakuna mtaa wa Mombasa ambao, baada ya Isha, hausikii katika nyumba moja au mbili sauti ya feni ndogo ikipanda na kupanda mpaka ikawa kama nyuki waliochokozwa. Kijana anacheza mpira wa kompyuta, bibi yake amejinyoosha chumba cha pili, na mama anayepita na sinia ya vikombe akigusa sehemu iliyo juu ya vitufe huondoa mkono upesi. Swali linalofuata ni lile lile katika kila nyumba: je, joto hili ni salama? Na anayelijibu aghalabu ni yule yule kijana, ambaye ana kila sababu ya kusema kwamba hakuna neno.

Sisi swali hili lilitufika mwezi wa pili, wakati kaskazi inapokaribia kwisha na hewa ikasimama kama maji ya kisimani. Kipakatalishi chetu kilinunuliwa kwa zamu yetu ya chama, shilingi 62,000, kikiwa kimeshatumika ng'ambo kabla ya kuletwa nchini. Mwenye kukitumia zaidi ni kijana wetu, anayesomea uchoraji wa ramani za majengo, na dada yake hukiazima kwa kazi zake za shule. Usiku, kazi zikiisha, huwa uwanja wa mpira. Siku moja kikaanza kukwama. Mchezo ukawa unakatika kama maneno ya mtu mwenye kwikwi, na hilo peke yake lisingetusumbua sana. Lililotusumbua ni kwamba ramani nazo zikawa haziendi, na ilikuwapo kazi ya kukabidhiwa chuoni baada ya siku 9.

Tukakipeleka kwa fundi. Akakiwasha, akafungua programu ya kupima joto, akaendesha hesabu nzito kwa dakika chache, kisha akatuonyesha nambari: 96. "Mama, prosesa hii imeungua," akasema. "Bodi nzima yataka kubadilishwa." Gharama, shilingi 34,000. Tukamwuliza jambo moja tu: ikiwa imeungua, mbona ingali inafanya kazi? Akajibu kwamba inafanya kazi kwa bahati. Jibu hilo halikutuingia akilini. Tukamshukuru, tukachukua mashine yetu tukarudi nayo, na kwa jioni tatu zilizofuata tukakaa mezani, sisi wazazi na kijana wetu, kutafuta nambari ile 96 maana yake ni nini hasa. Tunayoyaandika hapa ni matunda ya jioni hizo.

Prosesa ndiyo bongo la kompyuta. Ni kipande cha silikoni ambacho kila hesabu ikipigwa ndani yake hula umeme, na karibu umeme wote huo hatimaye hugeuka kuwa joto. Iliyomo katika mashine yetu, Intel Core i5-10300H, imepangiwa wati 45. Ziko zilizoizidi mbali: Core i7-12700H nayo msingi wake ni wati 45, lakini kwa muda mfupi huruhusiwa kufika wati 115. Wazee watazikumbuka balbu za zamani za wati 100, ambazo hakuna aliyethubutu kuzishika kwa mkono mtupu zikiwa zimewaka. Joto la namna hiyo ndilo linalotoka katika kipande cha kadiri ya ukucha wa kidole gumba, ndani ya kisanduku kisichozidi unene wa vidole viwili, na mara nyingi kando yake ipo prosesa ya pili, ile ya picha, inayotoa joto lake pia.

Sasa tuje kwenye nambari. Kila prosesa imewekewa na mtengenezaji wake kikomo cha joto, na kikomo hicho kimeandikwa wazi katika maelezo ya kiwanda. Si siri, wala si rai ya fundi. Kwa Core i5-10300H ni nyuzi 100 za Selsiasi, na kwa i7-12700H ni 100 vilevile. Zile ThinkPad T430 za mwaka 2012 zenye prosesa ya Core i5-3320M, kikomo chake ni 105. Upande wa AMD, Ryzen 7 5800H ina kikomo cha 105, ilhali Ryzen 7 6800H iliyokuja baadaye kikomo chake ni 95. Basi nambari 96 yaweza kuwa chini ya kikomo kwa nyuzi 9 katika mashine moja, na ikawa imekivuka katika mashine nyingine iliyo kando yake juu ya meza hiyo hiyo. Mtu anayesema "nyuzi 90 ni hatari" asiulize prosesa ni ipi, amesema kama mtu anayetaja bei asitaje bidhaa.

Na kikomo chenyewe nacho hakina maana ya kwamba hapo ndipo mashine inapoungua. Prosesa ikikikaribia hujipunguzia mwendo yenyewe, kama hamali aliyebeba gunia adhuhuri: hatupi mzigo chini, hufupisha hatua. Mwendo ukipungua, umeme hupungua, na joto nalo hushuka. Ikiwa hata baada ya hayo joto linazidi kupanda, mashine hujizima kabisa.

Mambo hayakuwa hivi tangu zamani. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilitoa filamu fupi iliyozungumzwa sana na watu wa fani hii. Walichukua prosesa kadhaa za wakati ule, wakaendesha juu yake mchezo wa Quake III, kisha mchezo ukiendelea wakakiondoa kile chuma cha kupoza. Pentium 4 ikapunguza mwendo, picha zikatambaa, lakini haikufa. Chuma kiliporudishwa, mchezo ukarudi mbio. Athlon ya AMD ikatoa moshi, ikafa papo hapo. Leo prosesa za makampuni yote mawili zina kinga hiyo. Kwa hiyo mashine yetu iliposimama kwenye 96 huku ikikwama, haikuwa imeungua. Ilikuwa ikijikinga. Swali likabaki moja: kwa nini joto lake halitoki?

Njia ya joto ni fupi, na inafaa kila mwenye nyumba aijue, kwani ndipo fedha zinapookolewa au kupotezwa. Juu ya prosesa hupakwa pesti, kitu kizito cha kijivu mfano wa marhamu, kazi yake ni kujaza vijitundu visivyoonekana baina ya silikoni na chuma. Juu ya pesti hukaa bamba la shaba, na kutoka hapo huenda mirija ya shaba iliyofungwa pande zote. Ndani ya mirija hiyo, jambo lililotushangaza, mna maji kidogo. Hewa imenyonywa humo, hata maji huchemka kwa joto dogo. Yakigeuka mvuke hukimbilia upande wa pili, huko hupoa na kurudi kuwa maji, kisha hunyonywa tena na kuta za mrija hadi yalikotoka, bila pampu na bila sauti. Mwisho wa mrija yapo mapezi, vibati vyembamba vilivyopangwa karibu karibu kama mapezi ya samaki, na feni hupuliza hewa katikati yake. Hewa hiyo ndiyo inayolitoa joto nje.

Sehemu tatu za njia hii ndizo zinazoharibika: pesti hukauka baada ya miaka kadhaa, vumbi huziba mapezi, na feni huchoka. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayohitaji bodi mpya.

Tukakipeleka kipakatalishi kwa fundi wa pili, kijana mwenye kibanda chembamba kisichotosha viti viwili, tukamwomba akifungue mbele yetu. Kati ya feni na mapezi palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi. Vumbi na nyuzi za nguo zilikuwa zimeshikana zikawa utandu mnene, nasi twaamini kwamba unyevu wa hewa yetu na chumvi ya bahari vilisaidia kuugandisha. Pesti ilikuwa imekauka ikawa kama chokaa. Alisafisha, huku ameizuia feni kwa kidole isizungushwe na upepo wa blowa, maana ikizungushwa hivyo kwa kasi huweza kuharibika. Akapaka pesti mpya, akafunga. Kazi ya saa moja, shilingi 1,500. Ile ya chuoni ikakabidhiwa siku moja kabla ya muda.

Hatukutosheka na hisia ya mkono. Kijana alikuwa ameshaandika nambari za kabla, akaandika na za baada, mchezo ule ule na saa ile ile ya usiku, madirisha yamefunguliwa. Kabla, prosesa ilikuwa ikigonga 98 hadi 100 na mwendo wake ukishuka mpaka gigahezi 2.1. Baada ya kusafishwa ikatulia kati ya 86 na 89, na mwendo haukushuka. Ile 2.1 ndiyo nambari tunayowaomba wasomaji waitazame, pengine kuliko nyuzi zenyewe. Core i5-10300H imeandikwa na kiwanda mwendo wa msingi wa gigahezi 2.5. Prosesa inayokaa kwenye kikomo cha joto huku mwendo wake ukiwa juu ya msingi inafanya kazi kwa bidii katika hali ngumu. Prosesa iliyo kwenye kikomo huku mwendo umeshuka chini ya msingi, njia yake ya joto imeziba.

Kupima ni bure. Programu ya HWiNFO huonyesha joto la kila kiini cha prosesa pamoja na mwendo wake, na Core Temp ni nyepesi zaidi kwa asiyetaka nambari nyingi. Ile orodha ya kazi iliyomo ndani ya Windows huonyesha joto la prosesa ya picha katika mashine nyingi za sasa, lakini la prosesa kuu haionyeshi, na tumewaona watu wakisoma la kwanza wakidhani ni la pili.

Sasa kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani kwa namna ya pekee, na ambalo hatukuliona likitajwa mahali popote tuliposoma. Feni ya kipakatalishi haina uwezo wa kupoza kitu kikawa baridi kuliko hewa ya chumba. Inachofanya ni kulisukuma nje joto lililozidi. Basi nambari inayosomeka ni joto la chumba pamoja na lile linaloongezwa na mashine. Mcheza gemu wa London aliyekaa katika chumba cha nyuzi 20 akisema mashine yake inafika 82, ana nyuzi 62 za mashine na 20 za chumba. Mlete na mashine hiyo hiyo Mombasa mwezi wa tatu, katika chumba cha nyuzi 32, naye atasoma karibu 94. Hakuna kilichoharibika njiani. Kaskazi ndiyo iliyomwongezea 12. Ushauri mwingi uliomo kwenye intaneti umeandikwa na watu wanaowasha vipasha joto majumbani mwao, nao husema "usiruhusu ipite 85" kwa nia njema kabisa. Kijana wa Kisauni akiufuata ushauri huo atafika mwezi wa pili hana mashine ya kuchezea.

Kwa upande mwingine, ndiyo maana nafasi yetu ya kupuuza ni ndogo. Huko kwa baridi vumbi likiziba nusu ya mapezi, mashine ina nyuzi za akiba za kuila hasara hiyo. Huku akiba hiyo imeshaliwa na hali ya hewa kabla mchezo haujaanza. Uchafu ambao London ungekaa miaka mitatu bila kujulikana, hapa hujulikana ndani ya mwaka.

Kwa hivyo tumejiwekea kipimo chetu wenyewe, cha nyumba yetu na cha majira yetu. Mashine ikiwa imewashwa tu, haina kazi, hukaa kati ya 45 na 55. Ikicheza wakati wa kusi, mwezi wa saba hivi, 80 hadi 84. Wakati wa kaskazi, mpaka 89. Tumeziandika kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kabati. Zikipanda kwa nyuzi 8 au 10 katika majira yale yale na mchezo ule ule, ni wakati wa kumwona fundi. Na ikiwa mashine isiyo na kazi yoyote inasoma 75, hapo hatusubiri majira. Kwanza tunaangalia kama kuna programu inayojificha na kula nguvu, na ikiwa hakuna, inafunguliwa.

Tumefika kwenye jina. Waliotutungia neno kipakatalishi walilichukua kwa kupakata, na hakuna mzazi asiyejua kupakata ni nini: ni kumweka mtoto mapajani. Neno ni zuri, nasi twalipenda, lakini limekuja na ushauri mbaya. Mashine nyingi huvuta hewa kwa tundu zilizo chini ya tumbo. Ukiipakata, kanga au kikoi huziba tundu hizo. Ukiilaza juu ya godoro ni vibaya zaidi, kwani godoro humeza miguu midogo ile ya mpira iliyowekwa ili kuacha upenyo. Mchezo wa nusu saa juu ya godoro huipandisha mashine iliyosafishwa jana ikawa kama haijawahi kusafishwa.

Na si mashine tu inayodhurika. Mwaka 2010 jarida la tiba ya watoto liitwalo Pediatrics lilichapisha habari ya mvulana wa miaka 12 aliyetibiwa Uswisi. Alikuwa akicheza michezo ya kompyuta kwa saa kadhaa kila siku, kwa miezi, kipakatalishi kikiwa mapajani. Alihisi kwamba upande wa kushoto unapata moto, akaendelea kucheza. Paja la kushoto likatokwa na mabaka ya rangi ya kahawia yaliyosukana kama wavu. Hakuwa ameungua kwa maana tunayoijua, hapakuwa na lengelenge. Ni joto la wastani lililorudiwa siku nyingi. Hali hiyo madaktari waliijua zamani kwa watu wanaokaa karibu na moto na kwa wanaojikanda kwa chupa za maji ya moto. Twawaomba akina mama wenye wavulana wa umri huo watazame, maana mtoto hatakuja kusema.

Nyumbani kwetu, basi, mashine hukaa mezani. Nyuma yake imeinuliwa kwa vifuniko viwili vya chupa za soda, kimoja kila upande, na hilo peke yake liliishusha kwa nyuzi 3. Vile vibao vyenye feni vinavyouzwa madukani husaidia kidogo; hatuvikatai, lakini vifuniko vya soda ni vya bure.

Kilichotushangaza zaidi hakikuwa chuma wala vumbi, bali mpangilio mmoja ndani ya mchezo. Kioo cha kipakatalishi chetu huonyesha picha 60 kwa sekunde na si zaidi. Mchezo usipozuiwa, mashine hutengeneza picha 110, 120, kadiri ya nguvu zake, na zile zinazozidi 60 hazionekani na mtu yeyote. Huchorwa, zikatupwa, na joto lake likabaki. Karibu kila mchezo una mahali pa kuweka kikomo cha picha. Tulipokiweka kwenye 60, nambari ilishuka kutoka 87 mpaka 78, na feni ikanyamaza kiasi cha kwamba bibi yao aliuliza kama kijana ametoka. Mwenye kutaka zaidi, Windows katika mashine nyingi humwachia kupunguza nguvu ya juu ya prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Tofauti ya moja tu, lakini hiyo huzuia prosesa kupanda juu ya mwendo wake wa msingi, na joto huporomoka. Michezo mizito huhisi upungufu huo. Mpira hauhisi sana, ingawa kijana wetu ana maoni tofauti, hasa akifungwa.

Kuna dawa moja ambayo tumeisikia vibarazani na hatuipendi hata kidogo: barafu. Mtu huweka mfuko wa barafu chini ya mashine, au huitia ndani ya jokofu kwanza. Haikuanzia kwetu. Mwezi wa saba mwaka 2018, Apple ilipotoa MacBook Pro yenye prosesa ya Core i9, mtengeneza video aitwaye Dave Lee alionyesha kwamba kwa sababu ya joto mashine hiyo ghali ilikuwa ikijipunguza mno, na akiiweka ndani ya friza kazi huenda haraka zaidi. Ndani ya siku chache Apple ilikiri kuwapo kwa hitilafu katika programu ya kusimamia joto, ikatoa marekebisho. Jaribio lake lilikuwa la kuthibitisha jambo, si la kuigwa kila usiku. Na hewa yetu imejaa maji. Toa glasi ya maji baridi jokofuni, iweke mezani Mombasa, uitazame inavyotoka jasho. Jasho hilo hilo hutokea juu ya bodi, ndani, mahali usipopaona, umeme ukiwa unapita.

Hata makampuni makubwa, kama inavyoonekana hapo, hugombana na joto. Nyingine zimechagua kutogombana: MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020 haina feni kabisa. Ikipata joto, hupunguza mwendo, basi. Kwa ramani na masomo mashine ya namna hiyo yatosha.

Tumesema mengi juu ya prosesa, ilhali bibi yao tangu siku ya kwanza hakuiulizia prosesa. Aliuliza, "Wanangu, chombo hicho hakiwezi kulipuka nami nimelala?" Kijana alicheka. Sisi hatukucheka, kwani katika nyumba nzima yeye ndiye aliyeuliza swali lenye hatari ya kweli ndani yake. Prosesa ina kikomo chake na kinga zake, na ikifa hufa kimya kimya. Betri ya lithiamu iliyo chini ya kiganja ni jambo jingine. Haipendi joto hata la kadiri. Apple, kwa mfano, huandika kwamba vipakatalishi vyake vitumiwe mahali palipo na nyuzi 10 hadi 35, na kwamba zaidi ya 35 uwezo wa betri waweza kupungua moja kwa moja. Chumba cha juu chini ya mabati, adhuhuri ya mwezi wa tatu, hupita hapo bila mashine kuwashwa. Ongeza mchezo wa saa tatu, na betri imejazwa asilimia 100 kwa sababu chaja haichomolewi, nayo huzeeka kwa haraka sana.

Mashine nyingi za sasa zina mpangilio wa kuizuia betri isijae zaidi ya asilimia 80 ikiwa imechomekwa muda wote. Tuliuweka siku hiyo hiyo. Na jambo la kutazama ni umbo. Kila Ijumaa asubuhi, nyumba ikifagiliwa, kipakatalishi huwekwa juu ya meza kikiwa kimefungwa, kikaangaliwa kwa ubavuni: je, kinakaa sawasawa au kinayumba? Sehemu ya kugusia kwa kidole imeinuka? Kifuniko cha chini kimeachana na cha juu? Moja ya dalili hizo ni betri iliyovimba. Hapo chaja huchomolewa mara moja, mashine ikazimwa, isichajiwe tena hata kwa dakika tano za kumalizia kazi. Betri haibonyezwi irudi mahali pake, haitobolewi, wala haitupwi pamoja na taka za jikoni. Hupelekwa kwa fundi kama ilivyo, mchana, ikiwa imewekwa mbali na nguo na magodoro mpaka saa ya kupelekwa.